Pima Kiti kwa Kiti: Usalama na Nafasi ya Gari Kabla Hujalipa

Desemba ikikaribia, swali la hapa Nakuru ni moja: tutatoshea? Watu wa Lanet, wa Section 58, wa Njoro, wengi wetu tuna nyumbani kwingine huko Magharibi au Nyanza. Gari ambalo mwaka mzima limembeba mtu mmoja kwenda kazini linatakiwa sasa limbebe baba, mama, watoto watatu, nyanya, gunia la viazi na kuku wawili mpaka Kakamega. Nimewasindikiza majirani na jamaa kwenye yadi nyingi kutafuta gari la kazi hiyo, na karibu kila mara naona wanalinganisha vitu viwili: ukubwa wa nje na bei. Mtu atalizunguka gari, atapiga tairi teke, ataketi kwenye kiti cha dereva, na hapo amemaliza. Kiti atakachokalia mwanawe hajakigusa.

Mimi hulinganisha kiti kwa kiti. Gari lina viti vitano, saba au vinane, na kila kimoja kina nafasi yake na usalama wake. Kiti cha mbele cha Toyota Wish na kile cha mwisho kabisa ni kama magari mawili tofauti. Nenda yadi na tepu ya kupimia, daftari, tochi, na watu wako wote, hasa aliye mrefu kuliko wote na aliye mzee kuliko wote. Tenga nusu siku.

Hatua ya 1: Andika nani atakaa wapi, na kwa barabara gani

Kabla hujatoka nyumbani, chora viti kwenye daftari na uweke jina juu ya kila kiti. Chini yake andika safari ya kila siku na safari ya mara chache. Gari la kupeleka watoto shule kutoka Lanet hadi mjini mara nyingi halikutani na trela likiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Gari la kwenda nyumbani kila mwezi lapita Salgaa, Sachangwan na Mau Summit, kisha lishike ama njia ya Eldoret ama ya Kericho na Ahero, na muda wote huo limo kati ya malori ya Malaba na Busia. Ukipitia Muhoroni na Chemelil, au ukivuka Kakamega kwenda Mumias, utakutana na trekta za miwa ambazo usiku mara nyingine hazina taa nyuma. Wewe utachagua gari lako. Lile la kukutana nalo hutachagua.

Sema ukweli pia kuhusu idadi. Kama mtakuwa watu saba mara mbili tu kwa mwaka, nunua gari la watu watano lililo imara na siku hizo mbili ukodi kubwa. Kiti kinachotumika siku mbili utakilipia mafuta siku zote 365.

Hatua ya 2: Soma vipimo kabla ya kuona rangi

Magari mengi ya yadi zetu yametoka Japan, na huko kuna mpaka ambao ukiujua macho yatafunguka. Gari lisilozidi mita 4.70 kwa urefu, mita 1.70 kwa upana na mita 2.00 kwa kimo, lenye injini isiyozidi sisi 2000, huingia kundi la namba 5. Likipita kipimo kimoja tu linahamia kundi la namba 3. Watengenezaji wengi wakabana upana hapo hapo ukingoni. Ndiyo maana Vitz, Fielder, Premio na Noah ya kawaida zina upana wa nje ule ule wa sentimita 169.5. Anayeacha Vitz akachukua Premio ili watu watatu wapumue nyuma amelipia urefu. Mabega yatabanana karibu vile vile.

Kipimo cha kutafuta ni umbali kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi kitovu cha gurudumu la nyuma, kwa sababu sehemu kubwa ya abiria hukaa kati ya hayo mawili. Vitz iliyotoka mwishoni mwa 2010 ina sentimita 251. Axio na Fielder za 2012 zina 260, Premio ya 2007 ina 270, na Noah ya 2014 ina 285. Sasa tazama Prado ya toleo la 150, gari ambalo kila mtu akiliona huliachia njia: ina 279. Noah inayodharauliwa ina uwanja mrefu zaidi kati ya magurudumu kuliko Prado. Kimo cha Prado kimekwenda kwenye chesisi, magurudumu na nafasi ya kupita matopeni, na ukiishi kwenye udongo mweusi wa uwanda wa Kano hilo ni jambo la maana. Lakini si nafasi ya magoti.

Chini kabisa yako magari ya sisi 660, kama Suzuki Alto na Wagon R: urefu usiozidi mita 3.40, upana usiozidi mita 1.48, na watu wasiozidi wanne. Wagon R humshangaza mgeni, maana paa liko juu na magoti yanatosha. Nafasi hiyo imepatikana kwa kusogeza kiti cha nyuma hadi karibu na mlango wa buti. Likumbuke hilo, nitalirudia.

Hatua ya 3: Kaeni

Weka kiti cha dereva pale unapokiendeshea kweli, kifua chako kikiwa sentimita 25 au zaidi kutoka katikati ya usukani, kwa sababu mfuko wa hewa hufunguka kwa nguvu na unahitaji umbali huo. Wanawake wengi wafupi hukaa wameukumbatia usukani. Gari ambalo haliwaruhusu kufikia pedali na bado wakae mbali hivyo haliwafai, hata likiwa na nyota ngapi za usalama.

Sasa toka, ingia nyuma, ukae nyuma ya kiti chako mwenyewe. Ngumi ipite kati ya goti na kiti cha mbele. Kiganja kipite kati ya kichwa na dari. Nyayo ziingie chini ya kiti cha mbele. Kisha angalia mapaja: yakiwa yananing'inia na magoti yameinuka kuelekea kifuani, safari ya saa nne au tano itamaliza mgongo wa mtu mzima.

Kwa watu watatu nyuma, pima kutoka mlango hadi mlango kwenye kimo cha mabega. Watu wazima watatu wenye mabega ya sentimita 45 kila mmoja wanataka sentimita 135 kabla hawajavaa makoti ya baridi ya Timboroa. Aketi mtu katikati kwa dakika kumi, injini ikiwa imezimwa, mkipiga gumzo. Aseme mwenyewe kama nundu ya sakafu inamsumbua. Na mkanda wake uangalie: kuna viti vya katikati vyenye mkanda wa kiunoni tu, na vingine havina egemeo la kichwa. Baadhi ya Probox hazina egemeo la kichwa hata moja nyuma. Ni gari lililoundwa kubeba mizigo ya kazi, na kwa mizigo hakuna wa kulishinda, ila kiti chake cha nyuma kimenyooka na ni chembamba. Mimi nisingemkalisha mamangu hapo mpaka Kakamega.

Mamangu ana magoti mabaya. Tulipokuwa tukitafuta gari alijaribu Premio akashuka chini kama anayeingia kwenye beseni. Akajaribu gari refu la milimani, ikabidi wawili tumsukume. Tukafungua mlango wa kusukuma wa Sienta, akaketi peke yake, akasema: "Mwanangu, hapa nimekaa. Sikuanguka wala sikupanda." Kwa mzee, kimo cha kiti kiwe karibu na kimo cha nyonga zake. Vitabu vingi vya magari haviandiki kipimo hicho, kwa hiyo lazima mzee mwenyewe awepo.

Buti lisikuchukulie muda. Pima upana kati ya matuta ya magurudumu na kina hadi mgongo wa kiti, viti vyote vikiwa vimesimama.

Hatua ya 4: Elewa uzito

Hapa ndipo watu wanaposema "kubwa ni salama" na kuachia hapo. Kuna ukweli ndani yake, na ukweli huo unahesabika. Chukua gari la tani moja na la tani mbili, kila moja likienda kilomita 60 kwa saa, yagongane uso kwa uso na yakwame pamoja. Baada ya mgongano yote mawili yatasogea kuelekea alikokuwa anaenda yule mzito, kwa kilomita 20 kwa saa. Gari zito limetoka 60 likafika 20, badiliko la 40. Gari jepesi limetoka 60 mbele likaishia 20 kinyumenyume, badiliko la 80. Miili ya waliomo imepata pigo hilo hilo, maradufu, kwa muda ule ule mfupi.

Mwaka 2009 taasisi ya IIHS ya Marekani, inayogharamiwa na kampuni za bima, ililionyesha hilo kwa magari tunayoyajua. Iligonganisha Honda Fit na Honda Accord, Toyota Yaris, ambayo ndiyo Vitz ya huko nje, na Toyota Camry, kisha Smart na Mercedes C-Class, kila gari kwa kilomita 64 kwa saa. Yale madogo matatu yalikuwa yamefaulu vizuri kwenye jaribio la kugonga kizuizi. Yalipokutana na ndugu zao wakubwa, yote matatu yakapewa daraja la chini kabisa.

Ila mwaka huo huo taasisi hiyo hiyo iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959, gari refu la chuma kizito, na Chevrolet Malibu ya 2009. Chumba cha abiria cha Bel Air kilikunjika chote. Mwanasesere wa majaribio aliyekaa kwenye usukani angekuwa mtu, asingepona. Chumba cha Malibu kilibaki na umbo lake. Uzito hukusaidia pale tu ambapo bodi ya mbele inajikunja kwa mpango na chumba mnachokaa kinakataa kukunjika. Kwa hiyo Prado kuukuu isiyo na mifuko ya hewa isikutishe wala kukuvutia kwa ukubwa wake.

Na kwa barabara yetu kuna jambo la tatu. Trela yenye shehena kamili inaruhusiwa kufika tani 56. Mbele yake gari la tani moja na la tani mbili ni kitu kimoja. Ukiigonga kwa nyuma, boneti yako hupita chini ya kitanda chake na pigo hutua kwenye kioo na paa, pale ambapo gari lolote la familia ni dhaifu. Kwa trela kinachookoa ni mwendo, breki na taa, na mwendo ndio mkubwa kuliko vyote: kutoka kilomita 50 hadi 100 kwa saa, nguvu ya pigo haiongezeki mara mbili, huongezeka mara nne. Londiani mwezi wa Juni 2023 lori liliacha barabara likawaingilia watu waliokuwa kando ya njia panda, zaidi ya 50 wakafa. Sisi tunaopita hapo kila mwezi hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Magari marefu ya kimo yana deni lao: hupinduka kwa urahisi zaidi, hasa kwenye kona baada ya kukwepa kitu, na zaidi ukifunga mizigo kwenye keria. Dawa yake ni mfumo wa kuzuia gari kuteleza. Toyota huuita VSC, Nissan na Subaru VDC, Honda VSA, Mazda DSC. Kwa gari lolote la kimo, Noah hadi Prado, ukikosekana mimi huondoka yadi.

Hatua ya 5: Soma nyota, na ujue hazisemi nini

Tafuta jina la gari pamoja na mwaka wake kwenye matokeo ya mashirika yanayogongesha magari kuyapima usalama na kuyapa nyota: JNCAP ya Japan, Euro NCAP ya Ulaya, au Global NCAP, ambayo tangu 2017 imekuwa ikipima pia magari yanayouzwa Afrika. Jaribio la kugonga kizuizi ni kama gari linajigonga lenyewe, ndiyo maana nyota hulinganisha magari ya uzito unaokaribiana. Nyota tano za Vitz usiziweke mezani na nyota tano za Harrier. Linganisha Vitz na Demio, Fit na Note.

Mwaka nao ni muhimu, kwa sababu mitihani imekuwa ikiongezwa ugumu. Na jina moja huficha magari tofauti: huko Japan matoleo ya bei ya chini yaliuzwa bila mifuko ya hewa ya ubavuni. Tafuta maandishi ya SRS, alama ya mfuko wa hewa, ubavuni mwa viti vya mbele na kwenye nguzo za madirisha. Muuzaji akikuambia "Bosi, hii iko na kila kitu," mshukuru, kisha elekeza tochi pale.

Hatua ya 6: Mstari wa mwisho wa viti

Tuliwahi kuwa na gari fupi la watu saba. Tukirudi kutoka nyumbani tulisimama kwenye tuta karibu na Ahero, pikapu ikatugonga kwa nyuma. Haikuwa na mwendo mkali, na kila mtu alishuka akitembea. Lakini mlango wa nyuma uliingia ndani karibu shibiri nzima na kioo kikamwagika juu ya viti viwili vya mwisho. Siku hiyo tulikuwa tumevikunja tuweke magunia. Tulipokuwa tunaenda, siku nne nyuma, watoto wangu wawili walikuwa wamekaa hapo hapo, vichwa vyao vikiwa karibu kugusa kioo. Nililitazama gari lile kwa muda mrefu, na tangu siku hiyo tepu haiachi mfuko wangu.

Pima kutoka nyuma ya egemeo la kichwa la kiti cha mwisho hadi kioo cha nyuma. Ikiwa chini ya sentimita 30, mimi siweki mtu hapo kwa barabara kuu. Kanuni ni yangu, naishika bila kujadili. Ndipo utaona kwamba Wish na Sienta zikijaa watu saba hazina buti wala nafasi ya kukunjika nyuma, na kwamba Wagon R inapata shida hiyo kwenye mstari wake wa pili. Fielder, ambayo ina viti vitano tu, huacha karibu mita nzima ya bodi nyuma ya watoto wako.

Viti vilivyoongezwa mitaani, vya kufungwa kwa bolti kwenye bati la sakafu, vikatae. Ubao wa sambaza, ule wa kulazwa kati ya viti ili mtu wa ziada akae, usiujadili kabisa. Na mtoto asipakatwe. Gari likisimama kutoka kilomita 50 kwa saa ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 anavuta mikononi mwako kama mzigo wa kilo 140. Hakuna mama anayeweza kumshika, na mapenzi yake hayapungui kwa sababu hiyo. Leta kiti cha mtoto yadi, kifunge, uone kama abiria wa mbele bado ana pa kuweka miguu. Kile kinachotazama nyuma kamwe kisiwekwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi.

Hatua ya 7: Gari lenyewe lililo mbele yako

Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya SRS iwake kisha izime yenyewe. Isipowaka kabisa, huenda imeondolewa ili isiseme. Vuta kila mkanda kwa ghafla, uzuie. Angalia karatasi ya mnada wa Japan kama ipo: herufi R au RA humaanisha gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa, na bodi iliyokwisha kujikunja mara moja haitajikunja vizuri mara ya pili. Chunguza bolti za boneti na za matao ya mbele kama zimekwanguliwa rangi. Chukua namba ya chesisi uulize kama mfuko wa hewa wa Takata umebadilishwa. Mamilioni ya magari ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda na Subaru yaliitwa na watengenezaji yarudi kurekebishwa kwa sababu ya mifuko hiyo, ambayo kwa joto na umri inaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma. Kwenye tairi soma tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Hatua ya 8: Hesabu kilo

Wajapani wakiandika uzito wa juu wa gari la abiria, humhesabia kila mtu kilo 55. Watu watano ni kilo 275. Sisi watano wa kilo 80 ni 400, yaani tumezidi kilo 125 kabla gunia moja la mahindi la kilo 90 halijapanda. Breki, tairi na kona zote zinajua. Mizigo mizito iwekwe chini, ikigusa mgongo wa kiti, na ifungwe. Kwenye gari lenye buti wazi, debe la mafuta ya kula lililo nyuma ya kichwa cha mtoto litaendelea na safari gari likisimama.

Mwezi uliopita nilikwenda na shemeji yangu wa Mbale. Wao ni sita pamoja na mama yake. Alikuwa ameipenda Wish moja safi sana, ya rangi ya fedha. Tulipima nyuma: sentimita 21. Tukapima Noah iliyokuwa kando yake, ya zamani kidogo, yenye VSC. Mama akaingia peke yake kwa mlango wa pembeni na kuketi kiti cha kati, akajaribu mkanda, akasema hapa ni pake. Mkewe aliwekwa mbele, watoto wawili wadogo pembeni mwa nyanya yao. Kijana mkubwa ndiye anayekaa mstari wa mwisho, peke yake, upande wa kushoto. Upande wa kulia kiti kimekunjwa na mizigo imefungwa kwa kamba kwenye pete za sakafuni. Shemeji alichora vile viti kwenye daftari, akaandika majina, akaibandika karatasi ndani ya mlango wa buti.